Kicheni pati ya kujipambia wenyewe: kila kilichotundikwa kikabaki kwa mwali

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Sare za kicheni pati nilizoshona sizihesabu tena, na nyingi kati ya sherehe hizo nimealikwa pia. Kinachoniuma kila mara ni saa nne usiku, wageni wakianza kuaga. Vijana wa mapambo wanaingia, wanang'oa vitambaa, wanakunja maua ya plastiki, wanapakia kwenye Kirikuu na kuondoka. Pesa ya kamati imepakiwa humo humo. Kesho yake mwali anaingia nyumba mpya hana kifumbu cha kuchujia tui.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu alipoposwa nilimwambia mama yake, "Wifi, safari hii kila kitakachopamba kitabaki kwa mwali." Alinitazama kwanza, halafu akauliza, "Na watu wakisema tumeshindwa kukodi?" Nikamjibu waje waone kwanza. Tulikuwa na waalikwa 120, uani kwetu, chini ya maturubai mawili. Nakueleza tulivyofanya, pamoja na tulipokosea, nawe uchukue linalokufaa.

Kabla ya khanga na maua, neno moja kuhusu kamati. Ya kwetu ilikuwa na wanawake saba, tukikutana Jumapili baada ya sala ya alasiri. Mweka hazina alikuwa na daftari lenye safu mbili: ahadi na fedha iliyoingia. Safu ya ahadi tuliitumia kukumbushana tu. Manunuzi yote tuliyapanga kwa safu ya pili. Kamati nyingi zinaingia madeni kwa sababu mtu aliahidi laki moja mbele za watu, wakaenda kulipia ukumbi kwa laki ile ambayo haijafika. Wiki mbili kabla ya siku, funga hesabu: kilichopo mkononi ndicho cha kupangia. Kitakachoingia baadaye kimnunulie mwali mtungi wa gesi.

Ukuta wa khanga

Hapa ndipo palipobeba kazi yote. Kwenye kadi tuliandika kwamba kila mwalikwa alete doti moja siku 10 kabla, badala ya kuja nayo siku yenyewe imefungwa kwenye karatasi. Tukasisitiza doti isikatwe. Khanga inatoka dukani vipande viwili vikiwa vimeungana, na doti nzima ina urefu wa kama mita 3 na upana wa mita 1 na kidogo. Ukiitundika wima inashuka kutoka karibu na turubai mpaka chini bila kuungwa popote.

Ukuta wetu nyuma ya kiti cha mwali ulikuwa wa mita 6. Ukipiga hesabu utasema doti sita zinatosha. Zinatosha kufunika, ila zinakaa kama nguo zilizoanikwa. Khanga inataka mikunjo ndipo ipendeze, kwa hiyo chukua doti mbili kwa kila mita ya ukuta. Sisi tulitumia 12.

Nguzo tulizisimamisha kwa mianzi mitatu, kila mmoja ndani ya debe la rangi lililojazwa kokoto na mchanga uliomwagiwa maji ili ushikane. Juu tukalaza mianzi miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Ukiwa Tanga, katani haikutoi jasho. Huu ndio mkoa wa mkonge, tangu ulipoletwa 1893 ukapandwa upande wa Pangani, na kamba yake utaipata dukani kwa bei ya kawaida. Inashika kuliko kamba ya nailoni, haiterezi kwenye mwanzi, na rangi yake ile ya majani makavu inakwenda na khanga yoyote.

Sasa namna ya kuzishika. Usipige msumari, usipige stepla. Khanga hizi zitavaliwa. Pindisha juu ya mwanzi kiasi cha kiganja kimoja, kisha piga bandi kwa mkono, uzi wa pamba mmoja tu usiokunjwa mara mbili, mishono mirefu ya vidole viwili. Usifunge fundo mwishoni, acha mkia wa uzi ukining'inia. Kushusha ukuta mzima usiku kulituchukua muda wa kikombe cha chai: unavuta mkia, uzi unatoka wote, khanga inaanguka mikononi haina hata tundu.

Tulikosea sehemu moja. Pembeni, kwa haraka, binti mmoja aliweka vibanio vya chuma badala ya kushona, na ukuta tulikuwa tumeusimamisha tangu usiku wa kuamkia sherehe. Umande ukashuka. Asubuhi tukakuta alama mbili za kutu kwenye pindo la khanga ya bibi mmoja wa Chumbageni, na kutu ni ngumu sana kutoka kwenye pamba nyeupe. Nilikwenda kumwomba radhi mwenyewe. Simamisha nguzo usiku, lakini khanga zipande asubuhi.

Katikati ya ukuta pakae kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, khanga ya bibi harusi tangu enzi za bibi zetu, na mpaka leo mwali wa pwani bila kisutu hajakamilika machoni pa wazee. Hiyo usiitundike wima. Ilaze kwa upana wake, mji wake, yaani mchoro wa katikati, uonekane mzima juu ya kichwa cha mwali. Kisha panga rangi ukitoka hapo: zenye wekundu karibu na kisutu, za manjano na chungwa zifuate, kijani na buluu zimalizie pembeni. Tulizitandaza kwanza chini kwenye mkeka, tukasimama mbali na kuzitazama, tukabadilisha nafasi mara tatu.

Na usome majina. Nakuomba sana, soma majina. Khanga inasema, na zipo zinazosema na jirani, zinazosema na mke mwenza, zinazosema na wifi. Katika zile zetu ilikuwemo moja nzuri ajabu, zambarau na dhahabu, mimi mwenyewe niliipandisha nikitazama rangi tu. Imeandikwa "Hasidi hana sababu". Ilikuja kuwa juu kabisa ya viti vya mashangazi wa bwana harusi. Khanga ikitundikwa wima maandishi yanalala ubavu, kwa hiyo huyaoni mpaka uinamishe shingo, na shangazi mkubwa wa upande ule aliinamisha. Hakusema neno. Alihamisha kiti chake. Mimi na wifi tulikwenda kupiga goti pale pale, tukaieleza hali ilivyo, na aliyeleta khanga naye akaja kusema hakuwa na lolote moyoni, aliipenda rangi kama nilivyoipenda mimi. Yalikwisha kwa heri, lakini nusu saa ya sherehe ilikwenda kwa jambo ambalo lingemalizwa na mtu mmoja kukaa na kusoma. Zenye vijembe ziweke kwenye sinia zikiwa zimekunjwa jina likiwa ndani. Mbele ya macho weka "Wema hauozi", weka "Nani kama mama".

Doti zilizofika zilikuwa 97. Zilizobaki tulizikunja na kuzipanga kwenye masinia mezani kwa mwali, mirundo mirefu kama ya dukani, na hayo nayo yakawa pambo. Meza za chakula usizitandike khanga za wageni. Mafuta ya pilau hayana urafiki na nguo mpya, tandika zenu za nyumbani zilizokwisha lainika.

Meza zikaitwa viungo

Meza zilikuwa 12, na badala ya namba tukazipa majina ya viungo. Meza ya Iliki, Meza ya Karafuu, Meza ya Mdalasini, Meza ya Pilipili Manga, ikaendelea hivyo mpaka Meza ya Uwatu. Katikati ya kila meza chupa tatu za jemu zilizooshwa vizuri, zimejaa kiungo chenye jina la meza hiyo. Viungo vyetu vingi vinatoka Muheza, kule Amani milimani, kwa hiyo mtu wetu alikwenda kununua kwa wakulima, na vikaja vipya vyenye harufu ya kweli.

Chupa tulizikusanya miezi miwili kwa majirani. Loweka kwenye maji moto na sabuni usiku mmoja, karatasi ya nje itang'oka yenyewe. Gundi inayobaki paka mafuta ya kula, ngoja kidogo, sugua kwa majivu. Zikaushe kabisa kabla ya kutia kiungo, maana tone moja la maji linaotesha ukungu. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao shingoni, zungusha kamba nyembamba ya katani mara nane au tisa, shikilia kwa mpira mpaka ikauke. Jina la kiungo tuliliandika kwa mkono kwenye kipande cha kaki na kukifunga na kamba hiyo hiyo.

Wageni walikuwa wananusa chupa kabla hata ya kukaa. Akina mama wa Meza ya Karafuu walianza kuwatania wa Meza ya Manjano, na somo wa mwali, alipofika zamu yake ya kufunda, akawa anazunguka na chupa mkononi: hiki cha uji wa mzazi, hiki usimpikie mgeni usiyemjua tumbo lake. Hilo hatukulipanga. Sherehe ilipokwisha, chupa 36 zikaingia kwenye boksi moja, na hiyo ikawa rafu ya viungo ya mwali kwa mwaka mzima. Mishumaa hatukuweka hata mmoja. Khanga na moto wa wazi chini ya turubai ni hatari, tumia taa ndogo za umeme kama unataka mwanga.

Asumini ina saa yake

Maua ya dukani hatukununua. Tulitaka vikuba, kila mwanamke akiingia abandikwe kimoja kifuani. Kikuba cha kwetu kilikuwa kijiti cha rehani, ukanda wa mkadi uliochanwa mwembamba, na matumba matano ya asumini, vyote vimefungwa kwa uzi na kushikwa na pini.

Asumini inachanua jioni. Ukiinunua imeshachanua, mpaka wageni waingie imekuwa ya kahawia. Unataka matumba: meupe, yamejaa, midomo imefumba. Tuliyachukua saa saba mchana kwa mama mmoja mwenye miti miwili uani kwake. Wasichana sita wakakaa kwenye mkeka kivulini, kila mmoja na sindano nyembamba. Sindano ipite kwenye kikonyo, pale kijani kinapokutana na cheupe. Ukichoma kwenye tumba lenyewe linajeruhiwa na kubadilika rangi kabla ya saa moja. Usivute uzi kwa nguvu. Kila kikuba kikikamilika kinalazwa kwenye sinia lililotandikwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa barabara, kisha kinafunikwa na kitambaa kingine kama hicho. Maji yanayotiririka yanaozesha. Friji inayogandisha usiikaribie kabisa.

Wageni waliingia saa kumi na nusu na matumba yamefumba bado. Baada ya magharibi yakaanza kufunguka vifuani mwa watu, meza moja baada ya nyingine, na uani pakanukia kiasi kwamba udi tuliusogeza nje kidogo usishindane. Wapo walioondoka na vikuba vyao na kuviweka chini ya mto.

Kashata za kuondokea

Zawadi ya mgeni anapoaga, kamati ilitaka vikombe vilivyochapwa picha. Nikauliza ni nani anayekunywa chai kwenye kikombe chenye picha ya mtu mwingine. Tukapika kashata za nazi, mbili kwa kila mgeni, vipande 240. Mapishi ni haya, na kila sufuria ilitupa vipande kama 35, kwa hiyo tulihitaji sufuria saba nzima.

Zikune nazi kubwa mbili, usizikamue tui. Weka sukari nusu kilo na maji nusu kikombe kwenye sufuria pana, moto mdogo, chumvi kidogo sana. Ngoja mpaka tone lake ukilishika kati ya vidole viwili, baada ya kulipuliza, linavuta uzi. Hapo mimina nazi na iliki 10 ulizotwanga, koroga bila kuacha mkono. Mwanzo itakuwa na majimaji, usiogope. Itafika mahali mchanganyiko unaachana na sufuria na kuja wote na mwiko. Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, bonyeza kwa kitako cha kikombe kiwe unene wa kidole. Kata ingali vuguvugu, mishazari, upate umbo la almasi. Ukingoja ipoe kabisa inavunjika ovyo.

Sufuria yetu ya kwanza tuliipika siku ya mvua tukafunga papo hapo kwenye karatasi. Zikatoa jasho, karatasi ikalowa na kushikana nazo, tukazipoteza zote. Acha zipoe usiku mzima chini ya kawa, kisha zipange kwenye debe lenye mfuniko, na karatasi ya kaki ifungwe asubuhi ya sherehe.

Chakula chenyewe sina mengi ya kuongeza, kila mtaa una wapishi wake. Sisi kilo moja ya mchele ilitosha wanawake wanane kwa pilau yenye kachumbari na ndizi mbivu, na tuliongeza kilo mbili kwa ajili ya vyombo vya kupeleka kwa wagonjwa na wazee walioshindwa kufika. Hilo la mwisho usilisahau kwenye hesabu, watu wanalikumbuka kuliko mapambo.

Hina pia fanyeni wenyewe, ila ianze mapema kuliko wengi wanavyodhani. Rangi ya hina inaendelea kukolea siku mbili baada ya kubanduliwa, kwa hiyo mwali apakwe siku mbili kabla. Unga wa hina uchekeche kwa mtandio mwepesi, changanya na ndimu na sukari kidogo mpaka uwe kama uji mzito, ufunike masaa kadhaa ukajiivie. Mtu akikushauri utie rangi nyeusi ya nywele ili ipige weusi haraka, mkatalie. Rangi ile inaunguza ngozi, na nimeona mikono iliyovimba malengelenge siku ya ndoa.

Usiku wa kushusha

Wageni wa mwisho walitoka saa tatu na nusu. Wanawake wanne wakavuta nyuzi, wawili wakapokea khanga zisiguse ardhi, wawili wakakunja. Kila doti ilikuwa na kikaratasi chenye jina la aliyeileta, kimeshonwa pembeni tangu siku ilipofika. Kabla ya kuziweka kwenye sanduku tulizipitisha juu ya chetezo moja moja, udi ukaingia kwenye mikunjo.

Hapo ndipo utalihitaji daftari la pili. Ukurasa wa kushoto jina la mtu, wa kulia rangi ya khanga na maneno yake. Likamilishe usiku huo huo, maana vikaratasi vinapotea. Mpe mwali pamoja na sanduku, kwa sababu kila doti humo ni ya kurudishwa siku binti wa aliyeileta atakapoposwa. La mtoto wa kaka yangu lina majina 97, na mpaka sasa ameshapiga alama kwenye 11.